Daiari ya siri kwenye kompyuta ya nyumbani: LibreOffice Writer imenitosha

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Kama unataka daiari kwenye kompyuta ya nyumbani, yenye pasiwedi ya ukweli, bila kulipia kitu na bila kupeleka maisha yako kwenye seva za watu, shusha LibreOffice (mkusanyiko wa bure wa programu za ofisi), fungua Writer ambayo ni programu yake ya kuandikia, andika, sevu kwa pasiwedi, imeisha hiyo. Nimejaribu njia nyingi kabla ya kutulia hapo, zingine nimezipenda, zingine natamani watu waache kabisa kuzisambaza, na nitazitaja humu ila Writer ndo naitolea rivyu hasa.

Kwanza nilikuwa natafuta nini, mana bila kusema hilo rivyu haieleweki. Kompyuta ya nyumbani mara nyingi si ya mtu mmoja, wadogo zako wanacheza gemu humo, mzazi anasoma barua pepe, mgeni anaomba kuprinti kitu kimoja tu, na wote mnaingilia akaunti ileile. Daiari nayo ndo sehemu unapoandika yale usiyomwambia mtu, hasira, hofu, mtu unayempenda, deni, ugonjwa. Ukishajua kuna jicho linaweza kupita hapo unaanza kujichuja, unaandika nusu nusu, unaruka yale mazito, na daiari ya namna hiyo kwa kweli haikusaidii kitu. Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja: mtu akikopi hilo faili kwenye fleshi akaondoka nalo, akakaa nalo mwezi mzima na kompyuta yake na muda wake wote, je ataweza kusoma? Kama ataweza basi hiyo pasiwedi ni kiini macho tu.

Na viini macho vimejaa. Trik inayozunguka kuliko zote ni ile ya faili la bat, yaani faili la amri za Windows. Unapewa mistari kadhaa ya kukopi, unaibandika kwenye Notepad, unasevu kwa jina kama locker.bat, ukilibonyeza mara mbili linatengeneza folda, unaweka daiari yako humo, ukilibonyeza tena linakuuliza kama unataka kufunga, unajibu Y, folda inapotea machoni, na kuirudisha mpaka uandike pasiwedi. Inavutia, nakubali, folda ikipotea hivo mtu anahisi yuko salama kweli. Sasa fanya hivi: bonyeza lile faili la bat kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kuliediti. Pasiwedi yako hiyo hapo, imeandikwa kwa herufi wazi kabisa kwenye ule mstari unaolinganisha ulichoandika na kilicho sahihi. Ni kama kufunga mlango kwa kufuli halafu ufunguo unauninginiza hapohapo kwenye kitasa. Na hata mtu asipofungua hilo faili, folda yenyewe haijaenda popote, imebadilishwa jina tu ikapewa namba ndefu inayoifanya Windows iidhanie ni Control Panel, kisha ikawekewa alama ya kufichwa na alama ya mfumo. Akiingia kwenye setingi akaruhusu mafaili yaliyofichwa na ya mfumo yaonekane, folda inarudi. Akiwasha kompyuta kwa fleshi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, hahitaji hata hizo setingi, anaiona kama folda nyingine yoyote. Maandishi yako humo ndani hayajaguswa hata herufi moja, yamekaa tu vilevile ulivyoyaandika. Hii trik inaniuma kwa sababu wanaoitafuta wengi ni vijana wenye kitu cha kweli cha kuficha, wanaamini wamefunga, wanaandika kila kitu.

Kuna na wanaosema mbona kompyuta tayari ina pasiwedi ya kuingilia. Ile inazuia mtu kuingia kwenye akaunti yako kwa mlango wa mbele, ila kama diski haijafungwa yenyewe, ile fleshi ya Linux niliyoitaja inasoma kila kitu bila kuulizwa pasiwedi yoyote. BitLocker kamili, ile ya Windows ya kufunga diski nzima, ipo kwenye Pro, Enterprise na Education, Home haina, ingawa mashine nyingi za Home za siku hizi zinakuja na ufungaji wa diski wa namna rahisi zaidi. Hata ukiwa nao unakulinda kompyuta ikiwa imezimwa au imeibiwa, lakini ikishawashwa na akaunti ni ya familia nzima, kila aliyekaa kwenye kiti anaona kila kitu. Daiari inahitaji kufuli yake yenyewe.

Ndo hapo Writer inapoingia. Unafungua dokyumenti mpya, unaenda Save As (Ctrl+Shift+S inakupeleka hukohuko), chini ya dirisha la kusevu kuna kisanduku kimeandikwa Save with password, unakitiki, unaandika pasiwedi mara mbili, unabonyeza OK. Sevu kwa muundo wake wa kawaida wa odt, ukichagua txt pasiwedi haiwezekani kwa sababu muundo huo hauna sehemu ya kuiweka. Kuanzia hapo kila ukibonyeza Ctrl+S inasevu ikiwa imefungwa, huulizwi tena mpaka utakapolifunga faili na kulifungua upya. Na hii sio kuficha, maandishi yenyewe yanachanganywa kihesabu kwa AES ya biti 256, njia ya kufunga data inayoaminika, pasiwedi yako haijaandikwa popote ndani ya faili, inatumika kutengeneza ufunguo na ufunguo ndo unayarudisha maandishi. Mtu akilifungua kwa Notepad anakuta uchafu mtupu. Akiandika pasiwedi sio, anaambiwa sio, hapati hata sentensi ya kwanza.

Kitu kimoja uwe nacho makini pale kwenye dirisha la pasiwedi, kuna sehemu ya pili imejificha kwenye Options, ile ni pasiwedi ya kuzuia watu wasiediti. Hiyo haifichi chochote, faili linafunguka na kusomeka kama kawaida. Ya daiari ni ile ya juu, ya kufungulia.

Matumizi ya kila siku ndo yamenifanya nibaki. Daiari yangu ya mwaka mzima ni faili moja, nikifungua nabonyeza Ctrl+End nafika mwisho, naandika tarehe, nabonyeza Ctrl+1 ile tarehe inakuwa kichwa cha habari, naendelea kumwaga yaliyopo moyoni. Faida ya kuifanya tarehe kichwa cha habari utaiona baada ya miezi, bonyeza F5 inatokea Navigator, tarehe zote zimejipanga, unabonyeza unayotaka unarukia hapohapo. Na Ctrl+F inatafuta kwenye mwaka mzima, mfano unataka kujua lini ulianza kulala vibaya, unatafuta neno usingizi, majibu yanakuja na mpangilio wa matukio ambao kichwa chako chenyewe kilishausahau. Kama hutaki kuandika tarehe kwa mkono kuna Insert, Field, Date, nayo inaweka tarehe ya leo na haibadiliki kesho yake, hili nalisifia kwa sababu Word ukiweka tarehe kwa Alt+Shift+D inajisasisha yenyewe, na daiari ambayo kila siku inadai imeandikwa leo ni ya kazi gani.

Sasa pasiwedi yenyewe, hapa naomba watu watulie kidogo. Kufuli ikiwa imara namna hii, anayetaka kuingia hahangaiki na kufuli, anabahatisha pasiwedi. Programu za kubahatisha zipo za bure na ni nzuri sana kwenye kazi yao, hashcat na John the Ripper zote zinajua mafaili ya LibreOffice na ya Word, na kwa sababu mtu kashabeba faili hakuna wa kumwambia umekosea sana subiri. Jina lako na mwaka wa kuzaliwa halimalizi muda. Namba ya simu hivohivo. Na kwa kompyuta ya nyumbani adui ni mtu anayekujua, jina la mpenzi, timu yako, mtoto, vyote ataanza navyo. Njia ninayoiamini ni maneno kadhaa yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu sio kwa kuyapenda. Arnold Reinhold alipendekeza njia ya hivo mwaka 1995, inaitwa Diceware, unarusha dadu mara 5 unapata namba, namba inakuonyesha neno kwenye orodha ya maneno 7,776, unarudia mpaka upate maneno 6 au zaidi. Kwa Kiswahili unaweza kuchukua kamusi ukaifungua ovyo ukiwa umefumba macho, sio safi kama dadu lakini iko mbali sana na jina la mtoto. Sentensi ya wimbo au methali usiweke, zote zinajulikana na zipo kwenye orodha za kubahatishia.

Upande wa pili wa huo uimara ni kwamba ukisahau pasiwedi ndo basi. Hakuna kitufe cha nimesahau, hakuna barua pepe ya kurejesha, waliotengeneza LibreOffice hawana ufunguo wa akiba. Ndo inavotakiwa iwe, kwa sababu mlango wa nyuma wa kukusaidia wewe ungemsaidia na mwingine, lakini mtu ajue kabla hajaandika miaka mitatu humo. Iandike kwenye karatasi, iweke mbali na kompyuta, sehemu ambayo nyaraka zako muhimu zinakaa. Usiibandike kwenye skrini wala usiiweke kwenye faili la pembeni linaloitwa pasiwedi zangu.

Mapungufu ya Writer yapo. Kubwa kwangu ni kwamba haijifungi yenyewe. Umeandika, umeitwa, umenyanyuka, daiari imebaki wazi kwenye skrini mpaka urudi. Jizoeshe kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, inafunga skrini, ila hiyo inasaidia tu kama wengine hawaijui pasiwedi ya akaunti, kwa akaunti ya pamoja lifunge faili kabisa kabla hujainuka. Pili, jina la faili linaonekana kwenye orodha ya mafaili ya karibuni, yaliyomo hayaonekani lakini jina ndo hilo, kwa hiyo ukiliita siri zangu umewaita watu. Lipe jina la kuchosha. Tatu, ukijaza mapicha linakuwa zito na kufunguka kunachelewa. Na nne, faili lililofungwa likiharibika kidogo tu linaweza kugoma lote, sio kama txt ambayo ungeokoa nusu, ndo mana mi natenganisha faili kila mwaka, na kwenye setingi zake za Load/Save nimeruhusu ile ya kutunza kopi ya toleo lililopita.

Mwenye Word tayari asihangaike kushusha kitu kingine, nenda File, Info, Protect Document, halafu Encrypt with Password. Tangu Office 2007 ukisevu kwa docx inatumia AES na ni kufuli ya kweli. Ila usisevu kwa doc ya zamani, ile kwa kawaida ilikuwa na ufunguo wa biti 40, ambayo ni kama trilioni moja na kitu ya uwezekano, inasikika nyingi ila kompyuta za leo zinaimaliza. Kama una mafaili ya zamani ya doc yenye pasiwedi yafungue uyasevu upya.

7-Zip, programu ya kubana mafaili kuwa faili moja, naipenda kwa kuhifadhi, kwa daiari ya kila siku hapana. Ni ya bure, ina AES-256, na ukitiki kufunga majina ya mafaili mtu haoni hata kilichomo kinaitwaje. Shida ni kwamba ukifungua faili lililomo humo, inalitoa kwanza kwenye folda ya muda, wazi, unaandika, inalirudisha ndani halafu inafuta ile kopi. Kufuta huko ni kufuta kwa kawaida, programu za kurejesha mafaili zinaweza kuipata, na umeme ukikatika katikati kopi inabaki palepale. Kwa kufungia daiari za miaka iliyopita ambazo huzigusi tena iko vizuri sana.

VeraCrypt ndo hatua ya juu na nitakaa nayo kidogo mana kuna watu inawafaa kuliko Writer. Ilianza 2013 kutoka kwenye TrueCrypt, programu ya zamani ya kazi hiyohiyo, ambayo watengenezaji wake waliiacha Mei 2014. Unatengeneza faili moja kubwa la ukubwa unaotaka, unaandika pasiwedi, linafunguka kama diski nyingine kwenye kompyuta lenye herufi yake, unaweka humo daiari, mapicha, sauti ulizojirekodi, chochote, ukimaliza unalifunga na linabaki faili lisiloeleweka. Kama daiari yako ina sauti na picha nenda huku moja kwa moja. Inataka uvumilivu zaidi, kuiinstoo unahitaji akaunti yenye mamlaka ya juu, pasiwedi ikiwa chini ya herufi 20 inakuonya, wakati wa kutengeneza unazungusha mausi ovyo ili ipate bahati nasibu ya kutosha. Na kuna jambo moja watu wa bakapu walijue: kwa setingi yake ya mwanzo haibadilishi tarehe ya lile faili hata ukiandika ndani, kwa hiyo programu ya bakapu inayoangalia tarehe inaona hakuna kipya inalipita, wewe unadhani una kopi ya jana kumbe ni ya siku ile ulipolitengeneza. Setingi hiyo inazimika, izime.

KeePassXC ni ya kutunza pasiwedi lakini ina sehemu ya noti na wapo wanaoandikia humo. Inajifunga yenyewe ukikaa kimya kwa muda uliouweka, kitu ambacho ndo hasa nakikosa kwenye Writer. Kwa noti fupi sawa, kwa mtu anayeandika kurasa mbili usiku ile nafasi inabana.

Na wale mnaojifunza programu mkitaka kujitengenezea daiari yenu kwa Python, nawaunga mkono kabisa, ni zoezi zuri, ila ukiandika tu mstari wa kuuliza pasiwedi na kulinganisha na neno fulani halafu maandishi unayasevu kwenye txt umerudia lile faili la bat kwa lugha nyingine. Tumia laibrari inayoitwa cryptography, ina kitu kinaitwa Fernet kinachofunga maandishi na pia kinagundua kama kuna mtu kayachezea, ufunguo uutengeneze kutoka kwenye pasiwedi kwa scrypt au PBKDF2. Usibuni hesabu zako mwenyewe za kuchanganya herufi.

Njia yoyote utakayochagua, anza kuandika ndani ya faili lililofungwa tangu sentensi ya kwanza. Ukianzia Notepad ukahamisha baadaye, ile ya kwanza inaacha alama kwenye diski hata ukiifuta, na Notepad ya Windows 11 inakumbuka tabu ambazo hukuzisevu ukiifungua tena inakurudishia, hiyo ni raha kwa kazi zingine na ni hatari kwa daiari. Na kompyuta ikiwa na programu inayorekodi kila unachobonyeza kwenye kibodi hakuna pasiwedi itakayokuokoa, hapo safisha kompyuta kwanza.

Kwa nyota, Writer naipa 4 kati ya 5, hiyo moja ni kwa kutojifunga, siku wakiiweka natoa zote.

La mwisho ni bakapu, na hapa faili lililofungwa lina raha yake kwa sababu unaweza kuliweka hata kwenye fleshi ya kazini au kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kuogopa, wanachopata ni ule uchafu. Kopi kila mwisho wa wiki inatosha kwa watu wengi. Ila kabla hujalihamishia kwenye kompyuta nyingine angalia matoleo ya LibreOffice, toleo 24.8 lililotoka 2024 lilibadilisha namna ya kufunga kwa pasiwedi likaifanya ngumu zaidi kubahatisha, kwa hiyo faili lililosevwa humo linaweza kugoma kwenye toleo la zamani hata pasiwedi ikiwa sahihi. Likigoma usidhani umesahau pasiwedi, sasisha LibreOffice ya hiyo kompyuta kisha ujaribu tena.